Yasmin Watatu: Vuta N'kuvute kutoka Kitabuni hadi Sinema

Yasmin anajulikana sana Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, lakini wengi wanaomjua hawakumkuta kitabuni. Walimkuta kwenye noti za tuisheni. Pita jioni kwenye vyumba vya tuisheni vya Mbagala, Tandika au Mwananyamala, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanapojiandaa na mtihani wa Kiswahili, utamwona ubaoni amekatwa vipande: umri wake, sifa zake, dhamira anazozibeba, nafasi ya mwanamke katika jamii. Mwalimu anaandika, vijana wananakili. Yasmin ni jasiri. Yasmin ni mwanamapinduzi. Yasmin ana mapenzi ya dhati. Mstari unapigwa, darasa linahamia kwa mpenzi wake, Denge.

Huyo ndiye Yasmin mwenye watu wengi zaidi. Yasmin wa pili ni yule wa Adam Shafi mwenyewe, katika riwaya ya Vuta N'kuvute iliyotolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 1999. Wa tatu ni wa filamu yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2021 katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, kisha mwaka 2022 ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Kwa nchi ambayo riwaya zake za Kiswahili hazina mazoea ya kufanywa filamu, hili ni tukio kubwa, na limetupa nafasi ya kuuliza swali ambalo wenzetu wa India na Uingereza wamelizoea: mwanamke aliyebeba riwaya nzima hufanywa nini akipandishwa kwenye pazia la sinema?

Watu wengi, wanafunzi na walimu wao, hupima filamu ya namna hii kwa kuuliza kama imefuata kitabu. Kipimo hicho hakitupeleki mbali. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kuifuata riwaya ndefu hatua kwa hatua, na ikijaribu itakuwa orodha ya matukio. Naona kipimo cha haki ni kingine: katika kila hatua ya maisha ya Yasmin, nani anaamua? Ukilishika swali hilo, Yasmin wote watatu wanajieleza, na mapungufu ya kila mmoja yanaonekana bila kutafutwa.

Tuanze na wa kitabuni, maana ndiye mzizi. Adam Shafi, mzaliwa wa Unguja mwaka 1940, alikuwa amekwisha kuandika Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli alipomleta Yasmin. Riwaya hizo mbili zinabebwa na wanaume wa kazi na uonevu wao: shamba la bwana mkubwa katika ya kwanza, gati na mgomo wa makuli katika ya pili. Katika Vuta N'kuvute mlango wa kuingilia ukoloni ni chumba cha msichana wa Kihindi wa miaka 15, aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka aliyekwisha kupita miaka 50. Hakuulizwa. Wazee walikubaliana, na mtu mwingine akaamua badala yake. Hapo ndipo riwaya inapoanzia.

Kinachofuata ni mwendo mrefu wa mtu anayejifunza kuamua. Jirani yake ni Mwajuma, mwanamke wa Kiafrika anayependa ngoma na asiyeona haya kuishi. Yasmin anavutwa na vicheko vyake kabla hajavutwa na siasa yoyote. Raza anapomhamishia Mombasa, Yasmin anamtoroka na kuvuka bahari kurudi Unguja peke yake. Kwao wanamkataa, aliyemwacha mume ameivunjia familia heshima, na mjomba hataki hata kumsikiliza. Ndipo anapokwenda Ng'ambo, kwa Mwajuma, akapokewa bila masharti. Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayetafutwa na polisi wa Kiingereza kwa sababu ya siasa zake, anaingia katika maisha ya Yasmin wakati msichana huyu amekwisha kuikimbia ndoa, amekwisha kuvuka maji, amekwisha kukanwa na damu yake na amekwisha kupata pa kulala.

Mpangilio huo ni uti wa mgongo wa riwaya. Yasmin anamfikia Denge akiwa tayari ni mtu aliyejikomboa nusu. Denge anampa lugha ya kulielezea jambo ambalo miguu yake ilikuwa imekwisha kulifanya. Mwandishi angeweza kumfanya kijana wa siasa aje kumwokoa msichana wa Kihindi, na wasomaji wengi wangefurahi. Hakufanya hivyo.

Filamu imeupindua mpangilio huo. Muswada wake uliandikwa na Shivji pamoja na Jenna Cato Bass wa Afrika Kusini, na wao waliamua kuwakutanisha Denge na Yasmin mapema sana, usiku, msichana akiwa njiani kwenda kuozwa. Sababu yake inaeleweka. Mtazamaji wa sinema anataka kuona macho mawili yakikutana. Akisubiri nusu saa nzima wawili hawajaonana, hatajua ni hadithi ya nani. Mkutano wa usiku pia una uzuri wake: mwasi na biharusi, wote wawili wanatembea gizani, kila mmoja na cha kuficha. Kwa sekunde chache sinema inakwambia kwamba dola inayomwinda huyu na ndoa inayomsubiri yule ni ndugu. Kurasa nyingi za riwaya zimefanya kazi hiyohiyo polepole.

Lakini gharama yake ni kubwa, na ni vizuri itajwe. Denge akishaonekana kabla ya ndoa, kila hatua ya Yasmin baada ya hapo inasomeka kama hatua ya kumwelekea Denge. Akimkimbia mume, mtazamaji anajua tayari anamkimbilia nani. Kitabuni hakuwa na wa kumkimbilia, na hapo ndipo ushujaa wake ulipo: aliondoka bila ahadi ya mtu. Sinema imempa mahaba mapema ikamnyang'anya upweke, na upweke ule ndio uliomfanya aamue mwenyewe. Sisemi filamu imeharibu. Nasema imebadilisha chanzo cha nguvu yake, kutoka kwenye kukataa hadi kwenye kupenda, na hayo ni mambo mawili tofauti kwa msichana yeyote anayetazama.

Kuna badiliko jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni umri. Neno "miaka 15" likiandikwa kitabuni linabaki na msomaji hadi mwisho. Kila Raza anapomkaribia mkewe, msomaji anakumbuka kwamba huyu ni mtoto. Kwenye sinema umri hausomwi, unaonekana. Yasmin ameigizwa na Ikhlas Gafur Vora, mwanamke mtu mzima, na filamu yenye mahaba isingeweza, wala isingestahili, kufanya vinginevyo. Matokeo yake ndoa ya mtoto inageuka kuwa ndoa ya msichana mkubwa asiyempenda mumewe. Zote mbili ni dhuluma, lakini hazilingani.

Kwa mtazamaji wa Bara tofauti hiyo si ya nadharia. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, msichana wa miaka 15 aliweza kuozwa kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Julai 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Yasmin wa Adam Shafi, wa Unguja ya miaka ya 1950, ana umri uleule uliobishaniwa mbele ya majaji wa Dar es Salaam zaidi ya nusu karne baadaye. Mwanafunzi wa Mbagala akisoma kitabu kwa makini anakutana na jambo la mtaani kwake. Akiitazama filamu peke yake, hoja hiyo inaweza kumpita.

Hata hivyo sinema ina vitu ambavyo riwaya haiwezi, na katika vitu hivyo Yasmin wa Shivji anampita wa kitabuni. Cha kwanza ni rangi. Adam Shafi lazima atwambie mara kwa mara kwamba Yasmin ni Mhindi na Mwajuma ni Mwafrika. Filamu haihitaji kusema. Kila Yasmin anapotokea uchochoroni Ng'ambo kati ya watu weusi, mtazamaji anaiona hatari na anauona ujasiri wake kwa mkupuo mmoja.

Watu wa Dar es Salaam wanalielewa hilo bila kufundishwa. Unguja ilikuwa na Mji Mkongwe upande mmoja wa hori na Ng'ambo upande wa pili. Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, zilizopangwa na wakoloni kwa kanuni za ujenzi na kwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja uliowekwa katikati kama ukuta. Waafrika walikuwa na Kariakoo na Ilala, baadaye Magomeni, Temeke na Kinondoni. Wahindi walikuwa na mitaa ya katikati ya mji na Upanga. Mpaka leo kumwona binti wa Kihindi amepanga chumba Tandale au Mtoni kwa Aziz Ali kungewafanya watu watoke barazani. Kwa hiyo Yasmin anapotia mguu Ng'ambo na kukaa, mtazamaji wa Temeke anajua uzito wa hatua ile kuliko mtazamaji wa Toronto. Wa Toronto anaona mapenzi yanayovuka rangi. Wa Temeke anaona mtu aliyehama mtaa, akakubali kuishi kwa choo cha nje na maji ya ndoo, na hajarudi.

Cha pili ni sauti, na hapa inabidi nizungumzie vibanda umiza.

Kwa miaka mingi mkazi wa Temeke au Manzese amezitazama filamu za nje kwenye kibanda cha mabati: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, televisheni moja juu, kiingilio cha bei ndogo. Filamu huwa imetafsiriwa, na mtafsiri ni mwanamume mmoja aliyerekodi sauti yake juu ya sauti za waigizaji wote. Lufufu alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo hapa Dar es Salaam, na waliomfuata ni wengi. Ni sanaa ya kweli. Imewapa filamu za dunia nzima watu ambao majumba ya sinema yaliwasahau. Kaa ndani lakini usikilize mwanamke anapozungumza. Mwigizaji anafungua mdomo, sauti inayotoka ni ya kiume, nzito, yenye haraka. Msimulizi hatafsiri tu. Anaongeza la kwake: anamwonya dada asimwamini yule kaka, anamcheka kwa kulia, anawaambia watazamaji kwamba huyu ndiye atakayeleta matatizo. Kabla hujaamua wewe unamwonaje mwanamke yule, umekwisha kuambiwa. Kizazi kizima cha pembezoni mwa jiji hili kimewajua mashujaa wa kike wa India, Hong Kong na Marekani kwa kinywa cha mwanamume mmoja.

Ukilikumbuka hilo, unauona umuhimu wa jambo dogo: Vuta N'kuvute ni filamu ya Kiswahili tangu mwanzo. Haina haja ya msimulizi. Yasmin anasema kwa sauti yake, na pale anaponyamaza hakuna mtu wa kuujaza ukimya wake kwa maneno. Ningependa sana filamu hii ionyeshwe kwenye kibanda cha Mbagala Charambe kuliko kwenye kumbi za Mlimani City, ambako tiketi moja ni nauli ya daladala ya siku kadhaa. Wenye kuihitaji zaidi wako kule.

Inasaidia pia kukumbuka mwanamke wa Bongo Movie, ambaye mtazamaji wetu amemzoea. Tasnia hiyo ilistawi zaidi Kinondoni, Sinza na Magomeni tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, na waigizaji wake wa kike kama Monalisa, Johari na Wema Sepetu walikuwa na mvuto usio na mfano. Walichopewa waigize ndicho kilichokuwa chembamba. Mara nyingi mwanamke alikuwa wa aina mbili: anayeteswa na mume na mawifi mpaka Mungu amlipie, au mjanja wa mjini anayewapokonya wenzake waume mpaka Mungu amwadhibu. Wote wawili wanasubiri hukumu kutoka juu. Hakuna anayeamua. Yasmin wa filamu, pamoja na yote niliyoyasema juu ya Denge, hafanani na hao. Amekosea na hakuadhibiwa kwa kukosea. Amependa na hadithi haikumgeuza malaya. Ni hatua kubwa, na anayeilinganisha filamu na kitabu pekee hawezi kuiona.

Tusidhani tatizo la kumhamisha mwanamke wa riwaya ni letu peke yetu. Pwani yetu imelelewa na sinema ya Kihindi. Majumba kama Majestic na Cine Afrique ya Unguja, na Avalon, Empire na Odeon ya Dar es Salaam, yalijaa watu waliojua nyimbo za Kihindi bila kujua Kihindi. Basi tuchukue mfano kutoka huko. Devdas, riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay ya mwaka 1917, imefanywa filamu mara nyingi. Ni kisa cha mwanamume dhaifu anayejiua kwa ulevi, na wanawake wawili wanaompenda: Paro, mwenzake wa utotoni, na Chandramukhi, mchezaji wa danguroni. Kitabuni wanawake hao hawaonani kamwe. Katika filamu ya Sanjay Leela Bhansali ya mwaka 2002, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit wanakutana na kucheza pamoja, na ngoma yao ndiyo watu waliyoikumbuka kuliko Devdas mwenyewe. Wapenda kitabu walilalamika. Mimi naona Bhansali aligundua kasoro ya riwaya: wanawake walikuwa wametengwa ili wote wamtazame mwanamume mmoja. Alipowakutanisha, kwa dakika chache hadithi ikawa yao.

Adam Shafi hakuhitaji kusahihishwa hivyo. Yasmin na Mwajuma wanakutana tangu mapema, na urafiki wao unadumu kuliko ndoa, kuliko familia, kuliko siasa. Mtu akiniuliza shujaa wa Vuta N'kuvute ni nani, nitasema ni wawili, na wa pili hajapewa haki yake na noti wala na filamu.

Noti humtaja Mwajuma kwa mistari miwili mitatu: rafiki wa Yasmin, mpenda starehe, anawakilisha wanawake wasio na elimu. Mengine hayamo. Mtazame alivyo. Hana duka, hana mume wa kumtegemea, hana chama. Ana chumba. Yasmin anapofika kwake hana kitu, Mwajuma hamuulizi atakaa siku ngapi. Anamgawia kitanda, chakula na kanga. Anamfundisha kupika, kucheza, kusema na watu, kutoka bila kuogopa. Denge na wenzake wana nadharia ya usawa wa rangi na matabaka. Mwajuma anaitekeleza jikoni kwake bila kuipa jina. Ondoa chumba cha Mwajuma, uone uhuru wa Yasmin utasimama wapi. Msichana aliyetoroka ndoa anahitaji pa kulala usiku uleule. Mapinduzi yatakuja baadaye.

Hili nalo watu wa Temeke wanalijua. Wasichana wanaokimbia ndoa za kulazimishwa, ukatili wa majumbani wanakofanya kazi, au fedheha ya mimba ya shuleni, wengi hufikia kwa shoga aliyepanga chumba kimoja Tandika, Keko au Buza. Hao wenye chumba hawaandikwi popote. Novemba 2021, miezi miwili tu baada ya filamu kuonyeshwa Toronto, ndipo Serikali ilipotangaza kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Kabla ya hapo shoga mwenye chumba ndiye aliyekuwa njia pekee kwa wengi wao.

Katika filamu, Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, mwanamuziki wa Unguja tunayemjua kwa Siti and the Band. Ni uteuzi wa akili. Mwimbaji wa taarabu anabeba historia pamoja naye: mwanamke wa Kiswahili anayesimama mbele ya watu na kusema yasiyosemeka, mila iliyokuwepo Unguja tangu enzi za Siti binti Saad. Akiwa kwenye pazia, Mwajuma haonekani mpambe. Ana mwili, ana sauti, ana mji wake. Lakini kwa kuwa hadithi imekazwa kwenye kamba ya Yasmin na Denge, nafasi ya urafiki huu imebana. Ningewapa waandishi wa muswada ushauri mmoja kama ningekuwepo: punguzeni mahaba kwa dakika 10, muwape wanawake hawa wawili dakika hizo wakichambua mchele na kuzungumza. Mtazamaji angeelewa kwa nini Yasmin hakurudi kwao.

Na Wright, inspekta wa Kiingereza anayemsaka Denge? Kitabuni polisi wanataka kumfanya Yasmin chambo cha kumnasa Denge, na hapo swali la nani anaamua linakuwa kali kuliko mahali pengine popote. Baba na mjomba walimtumia kupata heshima. Raza alimtumia kupata mke. Sasa dola nayo inataka kumtumia. Wote wanamwona kama njia ya kufikia kitu kingine. Noti za tuisheni zinaliweka tukio hili chini ya "usaliti" au "uzalendo" na kusonga mbele, wakati hapa ndipo mwandishi ameonyesha kwamba chumba cha biharusi na ofisi ya polisi vina tabia moja.

Ugumu wa kweli uko mwishoni mwa riwaya, na hapa wasomaji hugombana. Denge anafungwa, kisha analazimika kuikimbia nchi. Yasmin amezaa naye mtoto. Hatimaye anaolewa na Bukheti, mwanamume mpole aliyempenda kwa muda mrefu. Nimewasikia wanafunzi wakimlaumu: mwanamapinduzi gani huyu anayemaliza safari kwa kuolewa? Wengine wanamlaumu mwandishi, kwamba mwanamume akiandika juu ya mwanamke hawezi kumwacha bila mume. Lawama ya pili ina uzito. Ya kwanza inatokana na noti. Ukishamwandika "mwanamapinduzi" ubaoni, humruhusu tena achoke, ahitaji msaada wa kulea, ampende mtu mwingine asiye na hotuba. Yasmin wa kitabuni anaruhusiwa yote hayo. Ndoa ya kwanza aliamuliwa. Ya pili amekubali mwenyewe, baada ya kujua dunia ikoje. Tofauti ya ndoa hizo mbili ndiyo urefu wa safari yake, na hakuna dhamira ya ubaoni inayoweza kuupima.

Mwisho wa namna hii si rahisi kwa sinema. Filamu ya mahaba na siasa inaishi kwa moto wa wapenzi wake wawili. Kumleta mwanamume wa tatu mwishoni, mpole, asiye na bunduki wala karatasi za siri, ni kuwaangusha watazamaji waliokuja kumwona Denge, aliyeigizwa na Gudrun Columbus Mwanyika kwa haiba isiyosahaulika upesi. Lakini hapohapo ndipo riwaya inaposema jambo lake gumu zaidi, kwamba mapambano huwala wanaume na kuwaachia wanawake watoto, na kwamba mwanamke anayeendelea kuishi baada ya shujaa kuondoka naye ana hadithi. Anayetaka kumjua Yasmin huyo itabidi akamtafute kitabuni.

Kwa hiyo walimu wa Temeke na Kinondoni wana nafasi nzuri kuliko wanavyodhani. Filamu ipo, kitabu kipo. Mwanafunzi akipewa vyote viwili na swali moja tu, Yasmin anaamua wapi na wapi anaamuliwa, ataandika insha ambayo hakuna noti ya kunakili itakayomsaidia. Ataona kwamba filamu imempa msichana sura na sauti, ikampunguzia upweke na utoto wake. Ataona kwamba kitabu kimempa muda wa kukua, kikamwachia mwandishi mwanamume neno la mwisho.

Na waongozaji wana kazi bado. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne wamemsoma Sekai katika Takadini ya Ben Hanson, mama anayekimbia usiku na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe kwa mujibu wa mila. Rosa wa riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971 na kuzuiwa shuleni kwa miaka, anajulikana na watu wazima wa nchi nzima. Kumfanyia filamu Sekai hakuhitaji magari ya zamani wala sare za polisi wa Kiingereza. Kunahitaji mwigizaji, mtoto, njia ya porini na mtu wa kupiga picha anayejua kusubiri. Anayeichukua kazi hiyo aanze kwa kuhesabu, ukurasa kwa ukurasa, maamuzi ambayo Sekai anayafanya kabla mwanamume yeyote hajamsaidia, kisha ahakikishe hakuna hata moja linalobaki kwenye chumba cha uhariri.